Leso ya Mgeni

Wenzangu mliokua wakati wetu mnaijua harufu ya leso mpya, ile ambayo wengine huiita kanga. Kabla haijafuliwa hata mara moja, ikiwa bado ngumu kama karatasi ya kufungia sukari, inanuka wanga na rangi, na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Wiki iliyopita nilikuwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, ninapita kwenye kibaraza cha duka la vitambaa nikitafuta kivuli, na harufu ile ikanisimamisha. Muuzaji akaniuliza, "Dada, nikupe ipi?" Nikamwambia hapana, nanusa tu. Akacheka, na sikumlaumu. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, begi mgongoni, amesimama ananusa nguo asizonunua.

Nimeishi miji mingi kuliko watu wa rika langu ninaowajua. Nimepika hotelini Nakuru, nimekata tikiti za basi Eldoret, nimeuza sweta Kampala kwa miaka minne, na kote huko sikuwahi kupigilia msumari ukutani wa kutundika picha. Watu huniuliza ninakimbia nini. Huwa nawaambia miguu yangu ndivyo ilivyoumbwa. Lakini pale kibarazani nilijua, kama ninavyojua kila ninapokutana na harufu hiyo, kwamba safari zangu zilianzia kwenye ukumbi mmoja mdogo wa Kisumu, alasiri ya Jumamosi, siku niliyofanya jambo ambalo kwa miaka kumi nililihesabu kuwa ushujaa.

Nilikuwa darasa la pili. Tulikaa chumba kimoja chenye baraza, na Mama alishona nguo hapo barazani kwa cherehani ya miguu. Baba alikuwa fundi wa matrekta ya miwa huko Muhoroni. Alikuwa akija kila mwisho wa mwezi, kisha ikawa mwezi mmoja anakuja na mwingine anakosa, mwisho tukaacha kumwekea sahani mpaka tumwone mlangoni. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, Mama na mimi, na wa tatu nilimhesabu dapi.

Dapi ni chungu kikubwa cha maji, chenye tumbo pana na shingo nyembamba. Hilo letu Mama alipewa na nyanya yangu alipoolewa. Nyanya alikuwa akikausha na kuuza samaki Port Victoria, na dapi lilitoka huko likiwa limefungwa kwa magunia kama mgonjwa. Lilikaa kwenye kona, maji yake baridi kuliko ya friji yoyote niliyokuja kuiona baadaye. Mara chache Mama alilimwaga maji yote akalibeba kichwani kwenda nalo mahali, na hapo ndipo nililipenda zaidi. Upepo wa ziwa ukipita mdomoni mwake lilivuma, sauti nzito ya chini, kama mtu anayeimba akiwa amefumba midomo. Mama alikuwa akisema, "Sikia. Inaimba kwa sababu haina kazi."

Jumamosi alasiri Mama alifunika cherehani, akajipaka mafuta miguuni, tukaenda kwenye klabu ya akina mama. Walikutana katika ukumbi wa mabati upande wa Kaloleni. Walikuwa wanawake wa kila namna. Walikuwepo wa msikitini na wa kanisani, wauza samaki, walimu, wake za makarani. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Zubeda, mwanamke mfupi wa Kaloleni aliyevaa buibui na viatu vya kiume, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba hata watoto tulikaa wima akiongea. Katibu alikuwa Mama Pauline, muuza mitumba, mwenye ulimi ambao ulikuwa ukimtangulia mlangoni.

Kila mwezi walimwalika mgeni aje awazungumzie. Na kwa mgeni walikuwa na taratibu zao ambazo hazikuvunjwa. Kulikuwa na kiti cha mgeni, chenye kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni, ambacho hakuna mwanachama aliyekikalia hata akiwa amechoka namna gani. Kulikuwa na glasi ya maji iliyofunikwa kitambaa chenye shanga pembeni. Na mgeni akimaliza kuongea, alisimama mbele ya kiti, akainua mikono kidogo, na Mama Zubeda akamfunga leso mpya kiunoni, juu ya nguo zake, leso iliyonunuliwa na klabu na kuchaguliwa kwa zamu na wanachama. Kisha wote wakasimama na kumsindikiza kwa wimbo mpaka getini. Wimbo haukukatizwa. Hata mvua ikinyesha, mgeni alifikishwa getini.

Wageni hao ndio waliokuwa sinema yetu. Nakumbuka muuguzi aliyekuja kusema juu ya kuchemsha maji, akatuonyesha chupa ya maji ya ziwa yaliyokuwa safi kabisa machoni, kisha akatutajia vilivyomo mpaka mama mmoja akatema. Nakumbuka mwanamke aliyewahi kupanda ndege hadi Ulaya. Alizungumza saa nzima juu ya baridi na majengo, na alipoomba maswali, Mama Pauline akainuka.

"Mimi nauliza hivi. Choo ya ndege inaenda wapi?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mgeni mwenyewe akakiri hajui.

"Na sisi tunaanikanga nguo nje!" Mama Pauline akasema, akakaa.

Mama hakuwahi kuuliza swali. Alikuwa ameacha shule akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa Kijaluo kilichovaa koti. Alikaa safu ya nyuma, mikono mapajani, akimwangalia mgeni akifungwa leso kama vile mtoto anavyomwangalia mwenzake akifungua zawadi. Mimi nilikaa karibu yake, na polepole nikaanza kuona kitu ambacho niliamini watu wazima hawajakiona.

Waliofungwa leso hawakurudi.

Muuguzi hatukumwona tena. Nilisikia amehamishwa Siaya. Mwanamke wa ndege alipotea kama ndege yenyewe. Hayo ningeyavumilia. Lakini kulikuwa na Mwalimu Rosa. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la kwanza, aliyenishika mkono kunifundisha kuandika herufi, mikono yake ikinuka chaki na ndimu. Alialikwa klabuni kuzungumza juu ya kuwasomea watoto vitabu. Nilikaa mbele kabisa siku hiyo, nikijivuna. Akafungwa leso ya kijani, akaimbiwa mpaka getini, akanipungia mkono. Muhula uliofuata kulikuwa na mwalimu mwingine darasani, na nilipouliza nikaambiwa Mwalimu Rosa ameenda.

Mtu mzima angeniambia kwamba walimwalika kwa sababu walijua anaondoka. Sikumuuliza mtu mzima. Niliyaona kwa macho yangu, kwanza leso, kisha geti, kisha kiti kitupu. Niliweka hilo moyoni kama vile nilivyoweka kwamba moto unachoma.

Halafu ikaja Siku ya Utamaduni. Hiyo ilikuwa mara moja kwa mwaka. Kila kundi lilileta vitu vya kwao vikapangwa mezani, na watoto tulicheza ngoma. Akina mama wa Kaloleni walileta mahamri, udi na hina. Wa kwetu walileta ugali wa mtama, samaki wa kukausha, vibuyu na vyungu. Mgeni wa mwaka huo alikuwa mtaalamu wa lishe kutoka Nairobi, na zamu ya kuchagua leso ilikuwa ya Mama.

Tulikwenda maduka ya Wahindi mimi naye, na tulikaa huko mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Alifunua leso moja baada ya nyingine, akazinusa, akazipima mkononi. Maandishi hayakumshughulisha, alishughulishwa na rangi. Mwishowe akachagua moja ya manjano yenye maua mekundu kama makaa. Ilikuwa doti nzima, zile pande mbili zikiwa bado zimeshikana, hazijakatwa. Aliishika mbele yake kiunoni, akajitazama kwenye kioo cha duka, mara moja tu, haraka.

"Hii," akaniambia, "mtu akifungwa hii atatembea vizuri hata kama hana viatu."

Asubuhi ya siku yenyewe alimwaga maji ya dapi, akalikausha, akaliweka kichwani, na tukaenda ukumbini likivuma njia yote. Kule tulipokatiza reli, ambako upepo wa ziwa haukuwa na kizuizi, lilivuma kwa nguvu hadi mzee mmoja wa baiskeli akageuka kutafuta gari linatoka wapi. Mama akacheka. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya makonge ya kuchezea ngoma, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Alasiri ilifika, ukumbi ukajaa, mgeni hakuonekana. Hatimaye kijana wa duka la jirani alikuja mbio na ujumbe wa simu. Mama Zubeda akasimama.

"Mgeni hatafika. Gari limewaharibikia Nakuru."

"Basi tukule," Mama Pauline akasema. "Chakula haijui Nairobi."

"Hatuli kabla ya mgeni kuzungumza. Na Siku ya Utamaduni kiti hiki hakikai kitupu." Mama Zubeda akatembeza macho safu kwa safu, mpaka nyuma kabisa. "Mama Achieng. Ile hadithi ya mbuta uliyonipa nilipokuja kushonewa. Njoo uwape hawa."

Mama akainua kichwa kule nyuma. "Mimi? Mama Zubeda, mimi sijasoma."

"Kwani samaki amesoma?"

Watu wakacheka na kupiga makofi, wakamsukuma kwa mikono mpaka mbele. Na hapo, kutoka pembeni mwa jukwaa nilikosimama na watoto wa ngoma, nikamwona mama yangu akikalia kiti cha mgeni. Alikikalia ukingoni tu, kama kiti kilicho na joto. Mtu akamfunulia glasi ya maji.

Alianza kwa sauti ndogo. Alisimulia jinsi mbuta, samaki wale wakubwa ambao wengine huwaita sangara, walivyoonekana mara ya kwanza kule kwao, yeye akiwa msichana.

"Hiyo samaki ilikuja tu. Hakuna mtu alijua baba yake. Ilikuwa kubwa, mama yangu akasema hii si samaki, hii ni ng'ombe imeanguka kwa maji." Kicheko. Sauti yake ikapanda. "Sasa tukaiweka kwa moshi, vile tunawekanga ngege, samaki yetu ndogo. Mafuta ikaanza kuanguka kwa moto, tap, tap, tap. Kidogo kidogo moto ikaruka, ikashika paa. Mama yangu akakimbia na samaki, akaacha mtoto!"

"Mtoto gani?" mtu akapiga kelele.

"Si mimi!"

Wanawake walijipiga mapaja. Mama alikuwa amesimama sasa, hajijui kwamba amesimama, anaonyesha kwa mikono ukubwa wa samaki, jinsi nyanya alivyomkumbatia na kutoka naye nje. Kisha akashusha sauti.

"Baadaye wamama wakakaa chini, wakaangalia hiyo samaki. Wakasema, hii haitaki moshi, hii inataka sufuria na mafuta yake yenyewe. Wakajaribu, ikaungua. Wakajaribu tena. Mpaka wakaiweza. Hakuna mtu alitoka mbali kuja kutufundisha. Ni wamama tu, walikaa chini."

Nilisikia makofi yakianza. Sijawahi kusikia makofi kama yale klabuni, hata ya mwanamke wa ndege. Lakini mimi sikupiga. Nilikuwa nimeona kwamba makofi yakiisha itafuata leso, na baada ya leso geti.

Leso ilikuwa kwenye sinia nyuma ya pazia, mahali pake pa kawaida, imekunjwa mraba. Niliichukua. Sikutetemeka hata kidogo, niseme kweli. Nikaipitisha chini ya sketi ya makonge, nikazunguka hadi meza ya vitu vya kwetu, nikaondoa kibuyu kilichofunika dapi, nikaisukuma leso ndani ya shingo mpaka ikadondoka tumboni. Nikarudisha kibuyu. Niliporudi mahali pangu Mama Zubeda alikuwa akisema kwa furaha, "Haya, mgeni wetu asimame!"

Mama alikuwa amesimama tayari mbele ya kiti. Akainua mikono kidogo pembeni, viwiko vikiwa vimekunjwa, kama mtu anayepimwa na fundi. Alikuwa akitabasamu, akiangalia chini.

"Leso," akasema Mama Zubeda.

Mtu akaenda nyuma ya pazia. Akarudi na sinia tupu. Wakaenda wawili. Wakainama chini ya meza, wakainua vitambaa, wakaulizana kwa sauti za chini na kisha kwa sauti za juu. Na muda wote huo Mama aliweka mikono yake vile vile, imeinuliwa kidogo, hajui kama aishushe.

"Ilikuwa hapa! Nimeiweka mimi mwenyewe!"

"Si yeye ndiye aliichagua? Labda aliiacha kwake."

Kisha Mama Pauline, ambaye njaa ilikuwa imemshika, akasema kwa sauti iliyofika kila kona, "Kwani ni lazima? Huyu si mgeni. Ni Min Achieng tu, Mama Achieng wa hapa hapa. Tukule!"

Watu walicheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu wenye njaa. Mama naye alicheka. Kisha mikono yake ikashuka. Haikushuka kwa pamoja. Ulishuka mmoja, ukatafuta mshono wa gauni ukaushika, halafu mwingine.

Hawakuimba. Wimbo ulikuwa wa leso, na leso haikuwepo. Soda zikafunguliwa.

Jioni jua likielekea ziwani tulirudi nyumbani, Mama mbele, dapi kichwani na kibuyu mkononi, mimi nyuma nimeshika gauni lake kwa ngumi. Upepo ulikuwa mkali hata kuliko wa asubuhi. Pale relini ulinirushia vumbi machoni. Mama alipunguza mwendo, kisha akaendelea, na mimi nilidhani amechoka. Ndani yangu nilikuwa nikiimba. Hatujapita getini kwa wimbo. Hajafungwa. Atakaa.

Alipolitua dapi kwenye kona yake alinituma kwa jirani nikaombe chumvi, na jirani akanichelewesha kwa maneno. Niliporudi, dapi lilikuwa limejaa maji. Nikangoja mpaka asubuhi alipotoka barazani, nikatumbukiza mkono wangu wote hadi begani, nikapapasa chini. Hakukuwa na kitu ila ubaridi. Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni, ananitazama na mkono wa gauni langu unatiririka maji.

"Ukitaka maji," akasema, "kikombe iko."

Nilingoja kipigo siku hiyo na siku iliyofuata, hakikuja. Basi nikaamua kwamba dapi limeimeza leso. Nilikuwa na miaka minane, ilinitosha.

Baada ya siku mbili Mama Zubeda alikuja mwenyewe na leso nyingine mkononi, ya bluu. Nilikuwa chini ya meza ya cherehani nikiokota vipande vya kitambaa.

"Mama Achieng, chukua. Nimeona aibu, sijalala vizuri."

"Asante, Mama Zubeda. Mimi iko na leso."

"Si hiyo habari. Hii ni haki yako."

Cherehani ikaenda kidogo, ikasimama. "Leso ya mgeni inafungwa mbele ya watu," Mama akasema. "Ukiniletea kwa nyumba, ni nguo tu."

"Basi Jumamosi tutakufunga mbele ya watu."

"Jumamosi niko na kazi."

"Kuna maneno huko, nisikufiche. Wapo wanaosema uliichukua mwenyewe. Nikimjua aliyeichukua..."

"Wacha, Mama Zubeda. Upepo wa hapa unajua kubeba kitu."

Hakurudi klabuni. Jumamosi iliyofuata alikuwa na kazi, na nyingine pia, na baada ya hapo hatukuzungumzia tena. Alasiri zile tuliketi barazani, yeye akishona na mimi nikisoma kwa sauti, na wakati mwingine upepo ulituletea wimbo kutoka upande wa Kaloleni, wimbo wa kumsindikiza mtu. Mama alikuwa akiinua mguu kutoka kwenye cherehani mpaka wimbo uishe. Na mimi nilifurahi. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote. Nilimtazama mama yangu akiwa pale, mzima, wangu, nikajipongeza.

Miaka kumi nilijipongeza. Nikamaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya jikoni Nakuru kupitia mtu wa kanisani. Mama alinisindikiza mpaka stendi. Basi lilikuwa likijaza abiria. Wauza mayai na karanga walizunguka madirisha, makondakta wakiitana. Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi Mama aliponivuta mkono.

"Shuka kidogo."

Akafungua mfuko wake. Kabla sijaiona niliinusa. Manjano, maua mekundu kama makaa, bado ngumu, bado na harufu ya duka. Ilikuwa doti nzima. Akaipasua katikati kwa meno na mikono, mraaa, hadi watu wakageuka. Upande mmoja akaurudisha mfukoni. Mwingine akaufungua.

"Inua mikono."

Nikainua. Akanifunga kiunoni, juu ya suruali yangu mpya, taratibu, akakaza fundo na kulipiga kofi.

"Mama," nikasema, "ulijua lini?"

"Relini."

"Relini vipi?"

"Dapi haikuimba. Mtu amebeba chungu kwa kichwa miaka yote hawezi kukosa kujua kama iko na kitu ndani." Akaangalia pembeni. "Nikafikiria nishushe niangalie. Lakini wewe ulikuwa umenishika gauni hapa nyuma kama mtu anazama. Nikasema, huyu mtoto iko na sababu."

Nikamweleza sababu, pale pale, huku kondakta akipiga kelele. Juu ya muuguzi, na Mwalimu Rosa, na geti. Ilipotoka mdomoni ilikuwa kitu kidogo sana. Mama alicheka mpaka akashika mlango wa basi.

"Niende wapi, Achieng? Niende wapi mimi?"

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie leso iko kwa chungu yangu? Ama niwaambie mtoto yangu ameiba?" Akafuta macho, sijui ya kicheko au ya nini. "Wacha hiyo. Si ulitaka niwe hapa? Niko hapa. Sasa ni wewe unaenda."

Muuza mayai mmoja akauliza, "Mama, ni harusi?"

"Ni mgeni," Mama akamjibu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Inafungwa mbele ya watu. Watu si ndio hawa?"

Tangu siku hiyo sijatulia. Nilirudi, ndiyo, Krismasi hii na ile, siku tatu, siku nne. Kila mara alinitandikia kiti karibu na mlango na kunifunikia glasi ya maji. Nilimwambia, Mama, mimi si mgeni. Alisema najua, kunywa maji.

Mwaka jana nilipigiwa simu nikiwa Kampala, kwamba Mama ametutoka. Nikapanda basi la kwanza, nikafika wakiwa wameshamtoa mochari na kumpeleka nyumbani kwa baba, njia ya Muhoroni, pale miwa inapoanza, alikokuwa amehamia miaka ya mwisho na dapi lake. Baba alikuwa amestaafu na kuzeeka, amekaa kwenye kiti cha plastiki akiangalia mikono yake. Ndani, kwenye kona, dapi lilikuwa kavu, kwa sababu siku hizi kuna mfereji wa maji. Niliondoa kifuniko, nikatumbukiza mkono hadi begani kama zamani. Ulikuwepo, ule upande wa pili. Haukuwa umefuliwa wala kuvaliwa hata siku moja. Aliufulia nini, hakuna aliyemfunga.

Nilitoka nao nje. Jeneza lilikuwa limefunguliwa chini ya turubai, watu wamejaa. Mama Zubeda alikuwa ameletwa kutoka Kaloleni na mjukuu wake, mkongwe, macho yamefifia, viatu vile vile vya kiume. Nilimwekea leso mapajani. Akaipapasa, akaileta puani. Hakuuliza ilikotoka. Alisema tu, "Nishike, niinuke."

Tulimfunga mimi naye. Niliinua mikono ya Mama kidogo, viwiko vikiwa vimekunjwa, kadiri ilivyokubali, nikapitisha leso chini, Mama Zubeda akakaza fundo bila kuona, na kulipiga kofi. Kisha akaanza wimbo. Sauti ilikuwa imebaki nusu. Lakini nyuma kwenye viti, wanawake watatu au wanne wenye mvi wakainuka mmoja mmoja, na mmoja wao, mnene, akilia waziwazi, alikuwa Mama Pauline. Waliimba wimbo wote, kama ilivyokuwa sheria.

Ni wimbo wa kumfikisha mtu getini. Lakini kwetu mwanamke huzikwa ndani ya boma, kando ya nyumba yake, upande wa kushoto, kwa hiyo hatukupita geti lolote. Tulitembea hatua chache tu kutoka mlangoni, zikaisha kabla ya wimbo, tukasimama hapo tukaumalizia.

Kati ya wote niliowaona wakifungwa leso, ni yeye peke yake ambaye hakuondoka. Niliondoka mimi, baada ya siku tatu, na upande wangu begini.